Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Barbara Stanwyck

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyeanza kumpenda Barbara Stanwyck, au aliyesikia tu jina lake akataka kujua kwa nini baadhi yetu tukianza kumzungumzia hatunyamazi. Maswali ni yale ninayoulizwa na marafiki, ndugu, na watu niliowaazima filamu zake. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kwa mistari michache, kwa kadiri ya uzito wake. Tahadhari moja tu: nimesimulia matukio ya ndani ya filamu, na kwa Stella Dallas nimesimulia mpaka mwisho.

Barbara Stanwyck ni nani?

Ni mwigizaji wa Kimarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, tarehe 16 Julai 1907, na kufariki Santa Monica, California, tarehe 20 Januari 1990. Aliigiza katika filamu zaidi ya 80, kisha akahamia kwenye televisheni na kushinda tuzo huko pia. Alicheza vichekesho, filamu za machozi, za uhalifu na za kauboi, na kote alikuwa nyumbani. Mwaka 1944 alikuwa mwanamke anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote nchini Marekani.

Watu wakisema "enzi ya dhahabu ya Hollywood" wanamaanisha miaka ipi?

Kwa kawaida ni tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, mpaka miaka ya 1950 televisheni ilipoanza kuwavuta watazamaji. Huo ndio wakati studio kubwa kama MGM, Paramount, Warner Bros., RKO na Columbia zilipowaajiri waigizaji kwa mikataba ya miaka mingi na kuwapangia kila kitu, hadi nani aonekane na nani mbele ya waandishi wa habari. Stanwyck alikuwa tofauti kidogo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi hakukubali kufungwa na studio moja. Alifanya kazi Columbia, Warner, RKO na Paramount, mara nyingi kwa mikataba mifupi. Ndiyo maana filamu zake ni za aina nyingi mno, na pengine ndiyo maana hakuwa na studio ya kumpigia debe wakati wa tuzo.

Walikuwepo Bette Davis, Katharine Hepburn, Ingrid Bergman, Greta Garbo. Kwa nini umchague yeye?

Wote hao nawapenda, na sitaki kumshusha mmoja ili kumpandisha mwingine. Lakini Stanwyck ana jambo ambalo sijaliona kwa mwingine kwa kiwango kile. Watu anaowaigiza, mara nyingi, wenyewe wanaigiza. Ni tapeli anayejifanya binti wa ukoo bora. Ni mke muuaji anayejifanya mke mwenye wasiwasi na usalama wa mumewe. Ni mama anayejifanya hamtaki mwanawe. Mtu aliyesimama mbele yake ndani ya filamu anadanganyika kabisa, na unaelewa kwa nini, kwa sababu uongo wenyewe umefumwa vizuri. Lakini wewe uliyekaa mbele ya skrini hudanganyiki. Unauona uongo na unauona ukweli ulio chini yake, vyote kwa wakati mmoja, kwenye uso uleule, na hakuna aliyekuambia kwa maneno.

Jaribu kufikiria ugumu wa kazi hiyo. Akizidisha kidogo tu, yule mwenzake anayedanganywa ataonekana mpumbavu. Akipunguza kidogo, sisi watazamaji tutadanganyika naye na hadithi itapotea. Stanwyck alikaa katikati pale kwa miaka mingi, na alifanya ionekane rahisi.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usimtazame anapozungumza tu. Mtazame anaposikiliza.

Utoto wake ulikuwaje?

Ulikuwa mgumu. Jina alilopewa ni Ruby Catherine Stevens, kitinda mimba wa watoto watano. Alipokuwa na miaka 4 mama yake alifariki baada ya kusukumwa na mlevi akaanguka kutoka kwenye tramu. Baba yake akaondoka kwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa Mfereji wa Panama, na hakurudi. Ruby akalelewa kwa zamu, mara na dada yake Mildred aliyekuwa mcheza dansi wa jukwaani, mara kwenye nyumba za watu waliolipwa kulea watoto wa wengine. Shule aliiacha mapema, akafanya vibarua vya kufunga vifurushi dukani na kazi ya kampuni ya simu, kisha akaingia kwenye kucheza dansi kwenye maonyesho ya usiku ya New York akiwa bado kigori.

Hakupenda kuhurumiwa kwa hayo. Lakini ukiyajua, utaelewa kwa nini wanawake wake wa tabaka la chini hawana hata chembe ya kuigwa. Anapoigiza mhudumu wa baa au binti wa kiwandani, hamwangalii kutoka juu.

Jina la Stanwyck lilitoka wapi?

Kwenye bango la zamani la tamthilia. Mwaka 1926 alipopata nafasi ya maana jukwaani Broadway, wakubwa wa tamthilia waliona Ruby Stevens si jina la mwigizaji wa heshima, wakamtafutia jingine. Jina la kwanza lilikuwa la mhusika wa tamthilia hiyo ya zamani, la pili la mwigizaji wake.

Aliingiaje Hollywood?

Alifika mwishoni mwa miaka ya 1920 na mume wake wa kwanza, Frank Fay, mchekeshaji aliyekuwa na jina kubwa kumzidi. Filamu zake za mwanzo hazikuvuma. Alipopelekwa kwa Frank Capra, mwongozaji wa Columbia, alikuwa ameshakata tamaa. Akajibu maswali kwa mkato, akatoka kwa hasira. Capra akaona huyu hafai. Fay ndiye aliyempigia simu na kumsihi atazame kipande cha majaribio alichowahi kurekodi mkewe kwa studio nyingine. Capra akatazama, akabadili mawazo palepale, na filamu waliyofanya pamoja, Ladies of Leisure ya mwaka 1930, ikamfanya staa.

Kuna jambo Capra aligundua ambalo linaeleza mengi. Waigizaji wengi hupata joto kadiri wanavyorudia. Mara ya tano ni bora kuliko ya kwanza. Stanwyck alikuwa kinyume. Mara ya kwanza alitoa kila alichonacho, na ukimwambia arudie unapata kivuli chake. Kwa hiyo Capra akawa anafanya mazoezi na waigizaji wengine bila yeye, halafu anamwita wakati kila kitu kimekaa sawa na kuwasha kamera zaidi ya moja, ili ile mara ya kwanza ichukuliwe kwa mbali na kwa karibu kwa pamoja. Mafundi wa taa na sauti walilazimika kujipanga upya. Yote hayo kwa ajili ya binti wa miaka 22 ambaye hakuwahi kukaa darasa la uigizaji.

Nianze na filamu gani?

The Lady Eve, ya mwaka 1941, iliyoandikwa na kuongozwa na Preston Sturges. Sina shaka hata kidogo.

Stanwyck ni Jean Harrington, tapeli wa karata anayesafiri melini na baba yake wakitafuta matajiri wa kuchuna. Henry Fonda ni Charles Pike, mrithi wa utajiri wa pombe, kijana mpole anayependa nyoka, ndiyo kwanza anatoka msituni Amazon ambako hajaona mwanamke kwa muda mrefu. Usiku ule kwenye ukumbi wa chakula, Charles anasoma kitabu chake cha nyoka na kila msichana melini anajaribu kumvuta macho. Jean amempa mgongo. Anatoa kioo kidogo cha poda, anakiinua, na kupitia kioo hicho tunaona ukumbi mzima. Anaanza kusimulia kama mtangazaji wa mpira: huyu anaangusha leso, yule anajifanya wanafahamiana, huyu ameamka, amekaa, amekata tamaa. Sauti yake ni ya chini, ya kejeli, na inakwenda sambamba kabisa na yanayotokea kwenye kioo. Charles anaponyanyuka kuondoka akipita kando ya meza, Jean, bila hata kumtazama, ananyoosha mguu. Kijana anaanguka na sinia la mhudumu. Na Jean anamkemea kwa kumvunjia kisigino cha kiatu! Sasa ni lazima amsindikize chumbani akabadili.

Baadaye, kuna shoti moja isiyokatwa, ndefu kupita dakika tatu. Jean amelala kwenye kiti kirefu, Charles ameketi sakafuni chini yake, na vidole vya Jean vinacheza na nywele zake huku wakiongea juu ya mwanamume wa ndoto zake. Fonda hana la kufanya isipokuwa kujizuia asizimie. Angalia vizuri uso wa Stanwyck pale. Alikuja kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kadiri dakika zinavyokwenda unaona kitu kinamponyoka. Anaanza kumpenda. Hakuna mstari hata mmoja unaosema hivyo.

Nusu ya pili, baada ya Charles kumwacha, Jean anarudi nyumbani kwa akina Pike akijifanya mwanamke wa ukoo wa kifahari kutoka Uingereza. Hajabadili sura, hajavaa hata miwani. Amebadili lafudhi na nguo tu, na mwanamume anaingia mkenge mara ya pili. Haingekubalika kwa mwigizaji mwingine yeyote.

Ni kweli Stella Dallas inaliza?

Ndiyo. Nimeitazama na watu wazima waliosema filamu za zamani haziwagusi, na wote walitafuta leso.

Ni ya mwaka 1937, imeongozwa na King Vidor. Stella ni binti wa mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda aliyeolewa na mtu wa tabaka la juu. Ndoa haikudumu, akabaki na binti yake Laurel. Stella anampenda mwanawe kupita maelezo, lakini anavaa kwa makelele, mapambo juu ya mapambo, na hajui namna ya kukaa na watu wa hali ya juu. Wanapokwenda likizo kwenye hoteli ya kifahari, anapita bustanini amejiremba kwa manyoya na bangili, na vijana marafiki wa Laurel wanacheka bila kujua ni mama wa nani.

Usiku wanarudi kwa treni. Mama yuko kitanda cha chini, mtoto cha juu, mapazia yamefungwa. Wasichana kutoka hotelini wanapita na kuanza kumsema yule mama kituko. Laurel anasikia. Mama naye anasikia. Laurel anachungulia kwa hofu kuona kama mama ameamka. Stella anafumba macho, anajifanya amelala. Binti anashuka polepole na kuja kulala ubavuni mwake. Kila mmoja anamficha mwenzake kuwa amesikia. Stanwyck hapo hasemi neno, amelala tu kama mtu aliyelala, na bado unaona moyo ukivunjika.

Kutoka hapo anaamua kwamba Laurel atakuwa na maisha bora kwa baba yake, na kwa kuwa mtoto hatakubali kumwacha, inabidi amkatishe tamaa. Anakaa kivivu, sigara mkononi, muziki juu, anajifanya mwanamke anayetaka raha zake na aliyechoka kulea. Laurel anaamini na anaondoka akilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Stella anaumeza wote peke yake.

Mwisho ni harusi ya Laurel. Stella amesimama barabarani kwenye mvua, nje ya uzio, akitazama dirishani na watu wengine wapita njia. Polisi anawafukuza, Stella anamwomba amwache kidogo tu aone uso wa bibi harusi akibusiwa. Leso iko mdomoni, ameing'ata. Halafu anageuka na kuja kuelekea kwetu, anatembea kwa haraka zaidi na zaidi, na anatabasamu.

Watu wanabishana mpaka leo kama filamu inamtukuza mama huyo au inamwonea. Mimi nadhani jamii ile inamwonea, na Stanwyck analijua hilo kila sekunde.

Na Double Indemnity? Kila orodha ya filamu bora inaitaja.

Inastahili. Ni ya mwaka 1944, ya Billy Wilder, aliyeandika pamoja na Raymond Chandler kutoka hadithi ya James M. Cain. Phyllis Dietrichson anamvuta wakala wa bima, Walter Neff, wale njama ya kumuua mumewe baada ya kumkatia bima ya ajali bila yeye kujua. Ajali ikitokea kwenye treni, fidia inalipwa mara mbili. Neff ni Fred MacMurray, aliyezoeleka kwenye filamu nyepesi za mapenzi. Bosi wake mwenye kunusa udanganyifu ni Edward G. Robinson, na yuko vizuri kiasi cha kutaka kuiba filamu nzima.

Stanwyck mwenyewe aliogopa. Hakuwahi kucheza muuaji wa kukusudia namna ile, na alikwenda kumwambia Wilder hivyo. Wilder akamuuliza kama yeye ni panya au ni mwigizaji. Akasema anatumaini ni mwigizaji. Basi, akaambiwa, cheza.

Ukitaka kuona kwa nini ninamheshimu, tazama tukio la mauaji. Phyllis anaendesha gari usiku, mumewe amekaa kando akiwa na mguu uliovunjika, Neff amejificha nyuma. Phyllis anakata kona kwenye mtaa wenye giza na kupiga honi mara tatu, ishara waliyokubaliana. Neff anainuka. Kamera haionyeshi mauaji hata kidogo. Inabaki kwenye uso wa Stanwyck anayetazama mbele. Macho hayapepesi. Kuna kitu kinapita usoni, kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu na sasa amepata. Mkono wa mwongozaji mwingine ungemwonyesha mtu akinyongwa, na tungesahau kesho yake. Uso ule utausahau?

Sehemu nyingine ninayoipenda ni dukani, kwenye supamaketi, wanakopanga njama zao kati ya rafu za makopo. Wanaongea kwa sauti ya chini bila kutazamana, kama watu wasiojuana, na mteja mmoja anawakatiza akiomba ashushiwe bidhaa ya mtoto kutoka juu. Kifo kinajadiliwa, maisha ya kawaida yanaendelea pembeni yake.

Wigi lile la Double Indemnity, mbona baya hivyo?

Hata wakati ule lililalamikiwa. Bosi mmoja wa Paramount alisema wamemlipa Stanwyck wakapata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mimi nalitetea. Phyllis ni bandia kuanzia kichwani mpaka cheni ya mguuni, na Neff anaona anachotaka kuona. Wigi zuri lingeharibu.

Nimesikia kuna filamu yake iliyokatwakatwa na wadhibiti. Ni ipi?

Baby Face, ya Warner, mwaka 1933. Stanwyck ni Lily Powers, binti aliyetumiwa vibaya na baba yake kwenye baa ya magendo, anayekwenda New York na kupanda vyeo vya benki kwa kuwatumia wanaume mmoja baada ya mwingine. Kamera inapanda nje ya jengo, ghorofa kwa ghorofa, kadiri Lily anavyopanda. Wadhibiti wa New York waliikataa, ikakatwa, na maneno mengine yakabadilishwa kabla ya kutoka. Mwaka uliofuata kanuni za maadili za Hollywood zikaanza kutekelezwa kwa ukali, na filamu za namna hiyo hazikutengenezwa tena kwa miaka mingi. Nakala kamili, kabla ya kukatwa, ilipatikana mwaka 2004 kwenye hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Tafuta hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama: Theresa Harris, mwigizaji Mweusi, anayecheza Chico, rafiki wa Lily. Zama zile waigizaji Weusi walipewa kazi ya kufungua mlango na kupotea. Hapa baba anapotaka kumfukuza Chico, Lily anasema Chico akiondoka, yeye pia anaondoka, na wanadandia treni ya mizigo pamoja kwenda kutafuta maisha. Baadaye filamu inamvisha Chico nguo za kijakazi, na hilo linauma. Lakini Harris ana uso, ana sauti, ana ucheshi wake, na Stanwyck anamtazama kama mtu.

Mbona hakuwahi kushinda Oscar?

Aliteuliwa mara nne: Stella Dallas, Ball of Fire, Double Indemnity, na Sorry, Wrong Number ya mwaka 1948. Mara zote nne ilikwenda kwa mwingine: Luise Rainer, Joan Fontaine, Ingrid Bergman, Jane Wyman. Yale ya Stella Dallas yananiuma mpaka leo. Mwaka 1982 akapewa Oscar ya heshima. Ilikuwa sawa kumpa, ila ilichelewa sana.

Ni kweli ana uhusiano na Nanyuki, Kenya?

Kupitia mtu mmoja, ndiyo, na hii ni hadithi ninayoipenda kuliko zote zinazomhusu.

Mwaka 1939 Columbia ilitengeneza Golden Boy, hadithi ya kijana mpiga fidla anayegeuka bondia. Nafasi hiyo ilipewa kijana wa miaka 21 asiyejulikana, William Holden. Siku za mwanzo alikuwa hovyo kwa woga, na studio ikataka kumtoa. Stanwyck, aliyekuwa jina kubwa la filamu hiyo, alikataa. Jioni baada ya kazi alikaa naye wakipitia mistari ya siku inayofuata, akamfundisha namna ya kusimama mbele ya kamera, akawaambia wakubwa wampe muda. Holden akabaki, na akawa mmoja wa mastaa wakubwa wa Hollywood. Kila mwaka alimtumia Stanwyck maua.

Wasomaji wa Kenya ndio wanaomjua Holden kwa jambo jingine. Mwaka 1959 yeye na wenzake walinunua hoteli chini ya Mlima Kenya, kwenye mstari wa ikweta, wakaifanya kuwa Mount Kenya Safari Club. Alipenda wanyamapori, akaingia pia kwenye ufugaji na ulinzi wao katika eneo hilo, na baada ya kifo chake kituo cha elimu ya wanyamapori chenye jina lake kilijengwa Nanyuki, ambako watoto wa shule hujifunza mpaka leo.

Mwaka 1978, kwenye sherehe za Oscar, Holden na Stanwyck walipanda jukwaani pamoja kutangaza tuzo ya sauti. Holden akaacha maandishi aliyopewa na kuwaambia watu kwamba miaka mingi nyuma kazi yake ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza, na aliyeiokoa ni mwanamke huyu. Stanwyck hakuwa na habari. Alishtuka, akamkumbatia. Novemba 1981 Holden akafariki. Miezi minne baadaye Stanwyck alisimama kupokea ile Oscar ya heshima, na maneno yake ya mwisho jukwaani yalikuwa kwa Holden: kwamba alitamani siku zote aipate, na usiku huo matakwa yake yametimia. Video zote mbili zipo. Ziangalie kwa mfuatano.

Alikuwaje kazini?

Alifika mapema, na alikuja ameshika skripti nzima kichwani, mistari yake na ya wengine. Alijua mafundi wa taa, waendesha kamera na wabeba vifaa kwa majina. Wenzake walimwita Missy, kwa upendo.

Ni kweli alicheza mwenyewe matukio ya hatari?

Mengi. La kutisha zaidi ni kwenye Forty Guns ya mwaka 1957, filamu ya kauboi ya Samuel Fuller: mguu wa mhusika unanasa kwenye kikuku cha farasi na anaburutwa ardhini. Wacheza hatari walikataa. Stanwyck, akikaribia miaka 50, akasema atafanya, akaburutwa.

Maisha yake ya ndoa?

Aliachana na Frank Fay mwaka 1935. Fay alikuwa mlevi, na ndoa ilikuwa ya mateso. Walikuwa wameasili mtoto wa kiume, na uhusiano wa mama na mtoto haukuwa mzuri. Mwaka 1939 aliolewa na mwigizaji Robert Taylor. Ikavunjika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakuolewa tena.

Kuna filamu zake ambazo hupendekezi?

Zipo. Miaka ya 1950 alikubali filamu kadhaa za kauboi ambazo yeye ndiye kitu pekee kizuri ndani yake. The Bitter Tea of General Yen, ya Capra, imepigwa picha kwa uzuri wa ajabu, lakini jenerali wa Kichina ameigizwa na Mzungu aliyepakwa vipodozi. Itazame ukijua hilo. Na pia ujue kwamba kisiasa Stanwyck alikuwa mhafidhina, upande ambao miaka ya 1940 na 1950 uliwaandama watu wengi wa Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Mimi simfichi katika hilo.

Je, televisheni ilimshusha?

Hata kidogo. Wenzake wa rika lake wengi waliona aibu kwenda huko. Yeye alikwenda kufanya kazi. Alishinda Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, mara tatu: mwaka 1961 kwa kipindi chenye jina lake, 1966 kwa The Big Valley alikocheza mjane mwenye ranchi na wana wakubwa, na 1983 kwa The Thorn Birds. Mwanamke wa miaka 58 akiongoza mfululizo wa kauboi, juu ya farasi, halikuwa jambo la kawaida.

Filamu nyeusi na nyeupe zinanichosha. Nifanyeje?

Anza usiku, zima taa, weka simu mbali. Wapiga picha wa wakati ule walichora kwa mwanga. Kwenye Double Indemnity, John Seitz alipitisha mwanga kwenye mapazia ya mbao mpaka vivuli vyake vikaonekana kama nondo za jela mwilini mwa watu. Rangi ingeua hilo. Dakika kumi za mwanzo ndizo ngumu, kisha jicho linazoea.

Kiingereza chao kinakwenda mbio mno. Kuna namna?

Tafuta nakala yenye maandishi chini, hata kama ni ya Kiingereza. Hizi si filamu za kutafsiriwa kwenye kibanda cha video na DJ anayepaza sauti juu ya waigizaji, kwa sababu sauti ya Stanwyck ni nusu ya kazi yake: nzito kidogo, ya Brooklyn, inayoweza kushuka hadi mnong'ono katikati ya sentensi. Rudia sehemu usiyoielewa. Vichekesho vya Sturges hata wenyewe Waingereza na Wamarekani huvirudia.

Nazipata wapi?

Meet John Doe ya mwaka 1941 na The Strange Love of Martha Ivers ya 1946 hazina tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo zipo bure mtandaoni. Tatizo ni nakala mbovu. Linganisha mbili tatu kabla ya kukaa kutazama. Nyingine zinauzwa kwenye diski zilizosafishwa vizuri, au huonekana kwa kupokezana kwenye huduma za kulipia.

Kaburi lake liko wapi?

Hana. Aliagiza kusiwe na mazishi, na majivu yake yatawanywe Lone Pine, California, eneo la milima alikowahi kurekodi filamu za kauboi.

Nimemaliza The Lady Eve. Nifuate ipi?

Double Indemnity, na usiache wiki nzima ipite, ili uone ni mtu yuleyule. Halafu Ball of Fire, iliyotoka mwaka uleule wa The Lady Eve: yeye ni mwimbaji wa klabu ya usiku anayejificha kwenye nyumba ya maprofesa wanaoandika ensaiklopidia, na Gary Cooper ni profesa anayekusanya misemo ya mitaani. Utacheka sana. Baada ya hapo Remember the Night ya mwaka 1940, mwizi wa vito na mwendesha mashtaka wake wakisafiri pamoja Krismasi. Hii wengi hawaijui, na ndiyo filamu nayompa mtu ninayempenda. Stella Dallas iache mwisho, na usiitazame na mama yako bila kumwonya kwanza.